Begi moja tu mgongoni: vifaa gani vya umeme ubebe na vipi uache nyumbani

Wakuu, mwaka jana nilipiga safari ya siku 11, Dar mpaka Bukoba kwa basi, Bukoba nikavuka Mutukula mpaka Kampala, Kampala mpaka Kigali halafu nikarudi Dar na ndege. Nilisema naenda na begi moja tu la mgongoni maana sitaki mambo ya kubeba masanduku, na kweli begi lilikuwa moja, ila ndani yake kulikuwa na laptopu, tableti, simu mbili, kamera, pawabenki la kufa mtu, spika ya blutuuthi, hard diski na earphone za aina mbili. Nguo zilikuwa kama zimeomba lifti.

Laptopu niliifungua mara mbili, na mara moja ilikuwa kuwaonyesha watoto wa shangazi katuni. Kamera nilipiga nayo picha kama 15 hivi, zingine zote nilipiga na simu kwa sababu kamera ilikuwa chini kabisa ya begi na kila ikitokea kitu cha kupiga picha mpaka nichimbue kimeshapita. Tableti sikuigusa. Bega la kushoto lilianza kuniuma Singida likaacha nikiwa nimeshafika nyumbani.

Mwaka huu nimerudia njia ile ile na begi la kilo 5 na nusu, kila kitu ndani. Hivi ndo nilivyochagua, hatua kwa hatua, na sehemu ambazo nilikosea nazo ntazisema.

Hatua ya 1: Andika siku zako kabla hujagusa vifaa

Watu wengi tunaanza kwa kuangalia kabatini tuna nini. Hapo umeshapotea, maana kila kitu ukikiangalia kinaonekana kina umuhimu. Chukua karatasi uandike kila siku ya safari na maswali matatu tu: ntalala wapi, soketi ipo au haipo, na kuna mtu yeyote anasubiri nimtumie kitu siku hiyo?

Mfano yangu ilikuwa hivi. Siku ya kwanza na ya pili, basi. Basi lina matundu ya USB kwenye siti ila nusu yamekufa na hayo mazima yanaingiza chaji kwa kudondosha, kwahiyo nikaandika "hakuna umeme". Siku tatu kijijini kwa shangazi nje kidogo ya Bukoba, umeme upo ila soketi ya sebuleni ni moja, ina TV na friji, na kuna watu tisa wana simu. Kampala gesti, umeme kama kawaida. Kigali gesti, umeme upo ila soketi zao sio kama zetu (ntaifikia hiyo). Kutuma kitu cha kazi: siku moja tu, Kampala, faili la Excel.

Ukishaona karatasi kama hiyo utagundua kitu ambacho mimi kilinishtua, kwamba shida ya safari yangu nzima ilikuwa siku tano za kukosa chaji na siku moja ya kazi. Basi. Hakukuwa na mahali popote kwenye karatasi panasema "tableti".

Hatua ya 2: Mwaga kila kitu kitandani, na ukoo wake

Hapa ndo siri yote ilipo. Kifaa hakiji peke yake, ni kama kumwalika mtu mmoja harusini anakuja na wifi, na mtoto wa wifi, na dereva. Ukibeba kamera umebeba kamera, chaja yake ya peke yake, betri ya akiba, memori kadi, kile kidude cha kusomea memori kadi na kijibegi chake. Ukibeba laptopu umebeba tofali la chaja na mausi na ule wasiwasi wa kulala basini umekumbatia begi kama mtoto mchanga.

Kwahiyo usipange vifaa peke yake. Panga kila kifaa na ukoo wake wote pembeni, halafu pima. Kama huna mzani nyumbani nenda kwa Mangi hapo dukani mwombe akuwekee kwenye mzani wa sukari, atakucheka lakini atakupimia. Laptopu yangu na tofali lake na mausi: kilo 2 na gramu 300. Kamera na ukoo wake: kilo 1 na robo. Simu: gramu 200. Ukiona hizo namba zimekaa hapo juu ya mzani wa sukari akili inakukaa sawa yenyewe.

Hii ina maana zaidi kama kuna ndege kwenye safari, maana mashirika mengi begi la mkononi mwisho kilo 7, na kilo 7 ni pamoja na begi lenyewe.

Baada ya hapo kila ukoo uulize hivi: siku ile niliyoandika kwenye karatasi, kama hiki hakipo, nani ataumia na ataumia kiasi gani? Usiulize "kinaweza kunisaidia?" maana kila kitu kinaweza kukusaidia, hata jembe. Na uulize pia kama simu inaweza kuifanya hiyo kazi hata kwa asilimia 70. Ikiweza, kifaa kinabaki. Na la mwisho, je, kikikosekana naweza kukiazima au kununua huko niendako? Earphone unanunua popote. Miwani ya macho (sio kifaa cha umeme najua) hununui popote.

Hatua ya 3: Chagua mdomo mmoja wa chaji

Kabla hujachagua vifaa chagua mdomo. Siku hizi mdomo ni Type-C, kile kimdomo kidogo kinachoingia upande wowote. Umoja wa Ulaya waliweka sheria ikaanza kufanya kazi 28 Desemba 2024 kwamba simu, tableti, kamera, earphone na vingine vinavyouzwa kwao lazima vitumie Type-C, na kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotaka kutengeneza simu ya Ulaya peke yake na ya Kariakoo peke yake, sisi huku tumefaidika bure. Hata iPhone kuanzia 15 ya mwaka 2023 ni Type-C.

Sheria yangu mimi ni hii: kifaa chenye mdomo tofauti kinaanza kikiwa na kadi ya njano. Kibaki tu kama kina sababu kubwa sana. Kama una iPhone ya zamani, sawa, huo ndo uwe mdomo wako wa pili na usiongeze wa tatu. Safari ya kwanza nilikuwa na midomo minne, wa simu, wa kitochi (kile kisimu kidogo cha vitufe), wa kamera na wa laptopu, yaani usiku kule kwa shangazi nilikuwa kama fundi umeme.

Hatua ya 4: Simu, na ile nyingine

Simu janja inaenda, hatubishani. Ni kamera, ramani, tochi, benki, redio, tiketi na daftari. Swali ni simu ya pili.

Mimi nabeba kitochi. Watu wananicheka ila sikiliza, kitochi kina uzito kama wa mayai mawili ya kuku, chaji inakaa siku nne tano kama huongei sana, na kikikwapuliwa na vishandu, wale wezi wa kupora simu, hulii. Kimdomo chake cha chaji ni tofauti lakini unakichaji kikajaa siku ya kuondoka na kwa safari ya wiki ukikizima usiku unaweza usikiguse tena. Na stendi ukiwa umeshika kitochi mkononi, simu kubwa iko ndani ya suruali, unatembea kwa amani.

Sasa laini. Laini yako ya nyumbani iache kwenye simu kubwa, usiitoe, maana hiyo ndo benki inatuma zile namba za siri za kuthibitisha, na WhatsApp yako imefungwa kwenye namba hiyo (ukiweka laini nyingine WhatsApp inaendelea kama kawaida, usikubali tu ikikuuliza kama unataka kubadili namba). Zima data ya roaming kabla hujavuka mpaka, sio baada. Halafu laini ya Uganda au Rwanda unasajili kwa pasipoti na unaiweka tundu la pili la simu. Kama simu yako ni ya laini moja, basi ya ugenini ikae kwenye kitochi na... hapana, kitochi hakina intaneti ya maana. Basi ya nyumbani ikae kwenye kitochi na ya ugenini kwenye simu kubwa, meseji za benki zitaingia kitochini.

Kile kipini cha kutolea laini usikibebe, kitapotea. Hereni nyembamba au pini ya nepi inafanya kazi.

Kuna kitu kimoja cha kitochi kilinitokea Kigali. Rwanda wako nyuma yetu saa moja, kwetu ikiwa saa 12 asubuhi wao ni saa 11. Simu kubwa inajirekebisha yenyewe, kitochi hakijirekebishi. Nilitega alamu kwenye kitochi kwa ajili ya kuwahi na nikawahi kweli kweli, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya mabasi saa nzima na ushee namwangalia mlinzi na yeye ananiangalia.

Hatua ya 5: Pawabenki, hapa tukae kidogo

Kama umebeba simu moja, pawabenki ya mAh 10,000 inakutosha (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri). Na usipige hesabu kwamba simu yangu ni 5,000 kwahiyo naijaza mara mbili, haipo hivyo. Zile 10,000 zinahesabiwa kwenye betri za ndani zenye volti 3.7, ikipandishwa kwenda volti 5 za USB unabaki na kama 6,000 hivi na kitu, na joto nalo linakula chake. Kwahiyo simu ya 5,000 unaijaza mara moja na kipande. Kwa siku mbili za basi inatosha kama hushindi TikTok.

Ya 20,000 inakaribia mara mbili ya uzito, kama gramu 350 mpaka 450. Nilibeba hiyo kwa sababu ya zile siku tatu za shangazi, na sijutii, ila ujue kitu kimoja: pawabenki ukiitoa mbele ya ndugu sio yako tena. Jioni ya kwanza ilikuwa imeunganishwa simu ya mjomba, asubuhi nikaikuta kwa binamu chumba cha pili, imebaki taa moja. Na huwezi kusema kitu, utamwambiaje mjomba? Kwahiyo kama unaenda kwenye msiba au harusi au Krismasi kijijini, beba ya 20,000 na uhesabu kwamba nusu ni sadaka.

Kuhusu feki. Ukiona pawabenki imeandikwa 50,000 mAh, ndogo kama sabuni ya kuogea na nyepesi, ujue hapo ndani hamna kitu. Betri za lithiamu zina uzito wake, ni ngumu 10,000 ya kweli iwe chini sana ya gramu 150, betri peke yake inakaribia hapo kabla ya ganda na saketi. Mkono wako ni mzani mzuri kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Na kama utapanda ndege, hii soma mara mbili. Pawabenki haiingii kwenye begi la kuchekiwa, yaani lile linaloenda chini na mizigo, inakaa na wewe ndani. Mpaka Wh 100 (Wh ni kipimo cha umeme wote uliomo kwenye betri) unabeba bila kuomba, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya hapo hakuna. Hesabu yake rahisi: chukua mAh, zidisha 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakuja 74, salama. Ya 27,000 inagusa 99.9, inapita kwa kubana pumzi. Ya 30,000 ni 111, hapo umeshaingia kwenye kuomba ruhusa. Kama maandishi yamefutika na hayasomeki wanaweza kukunyang'anya hata kama ni ndogo, kwahiyo usiibandike stika za timu yako juu ya namba.

Wamekuwa wakali zaidi tangu ile ndege ya Air Busan iungue ikiwa chini uwanjani Korea Kusini Januari 2025, moto ambao uchunguzi uliunyooshea kidole pawabenki. Korea wakakataza kuziweka kwenye kabati za juu kuanzia Machi 2025, na Emirates kuanzia 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na hairuhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Kwahiyo usipange safari ya ndege ukitegemea kuchajia pawabenki angani, ingia simu ikiwa imejaa.

Mimi yangu ilinikuta uwanjani wakati wa kurudi safari ya kwanza. Begi limeshavimba, kaunta wakasema halifai kuingia ndani lichekiwe, nikasema sawa nikashukuru mzigo umetoka mgongoni. Dakika 20 baadaye naitwa jina kwenye spika, nashuka chini nakuta begi liko mezani, fungua toa pawabenki, na pawabenki ilikuwa chini kabisa chini ya boksa chafu za siku tatu, na nyuma yangu kuna foleni. Tangu siku hiyo pawabenki inakaa mfuko wa nje wa begi, ili hata wakinichukulia begi mlangoni mwa ndege (vile vindege vya mapanga kabati zake za juu ni ndogo, inatokea sana) nainyofoa sekunde mbili.

Hatua ya 6: Chaja na ishu ya soketi

Chaja moja. Moja tu. Tafuta zile ndogo wanazoziita GaN za wati 65 zenye matundu mawili au matatu, uzito kama gramu 120, inachaji simu, pawabenki na hata laptopu nyingi za Type-C. Kama hubebi laptopu ya wati 30 inatosha na ni ndogo zaidi. Hii ndo nafasi ya kutupa pesa kidogo, maana chaja hii moja inafuta tofali la laptopu na kichwa cha simu na kichwa cha tableti. Nunua ya kueleweka, chaja ya bei ya chapati inaunguza simu ya laki sita.

Soketi sasa. Tanzania, Zanzibar, Kenya na Uganda wote ni yale matundu matatu ya mstatili ya Kiingereza. Ukienda Oman au Dubai, vile vile, huna haja ya adapta. Ila ukivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo unakuta matundu ya duara mawili, na chaja yako ya pini tatu nene inakuwa jiwe. Mimi safari ya kwanza nilifika Kigali saa tatu usiku simu ina asilimia 6, nachomoa chaja naangalia ukuta, ukuta unaniangalia. Dada wa mapokezi akaniazima adapta lakini kulikuwa na wageni wawili wa Uganda mbele yangu wana shida hiyo hiyo.

Ujanja niliougundua ni kwamba badala ya kununua adapta kubwa la dunia nzima, lile kama boksi la maziwa, nunua chaja yenye pini mbili za duara za Ulaya halafu ongeza kikadapta kidogo cha kuingilia kwenye soketi zetu. Ukiwa Bongo, Kenya na Uganda unatumia na kikadapta, ukivuka Rwanda unakivua tu. Kikadapta hicho hakifiki gramu 50. Najua kuna wale wa kuchokonoa tundu la juu na kalamu mpaka pini mbili zinaingia. Wote tumefanya. Usifanye, kile kimlango kimewekwa makusudi kuziba umeme na ukikosea ukatumia chuma hutapata nafasi ya kusimulia.

Waya: miwili, mmoja mfupi wa pawabenki mfukoni na mmoja wa mita mbili. Wa mita mbili ni kwa sababu gesti zetu soketi iko nyuma ya kabati au juu ya mlango, sijui mafundi wanawaza nini.

Hatua ya 7: Laptopu, inaenda au haiendi?

Hapa ndo kila mtu anajidanganya. "Nitafanya kazi kidogo jioni." Hufanyi. Jioni umechoka, kuna wageni, kuna chakula, kuna story.

Njia yangu ya kuamua: chukua siku tatu kabla ya safari, kila unapofungua laptopu andika umefungua kwa ajili gani na je simu ingeweza. Mimi niliandika mara 14. Mara 11 zilikuwa WhatsApp ya kwenye kompyuta, YouTube, imeli na kusoma PDF. Mara 3 zilikuwa kazi kweli. Kwahiyo faili langu la Excel la Kampala nililitengeneza lote kabla sijaondoka, nikabakiza kurekebisha namba nne, nikarekebisha kwenye simu nimekaa kantini. Ilichosha macho ila dakika 20 zikaisha.

Laptopu inaenda kama: kuna siku mbili au zaidi za kuandika au kuhariri kweli, au kazi inatumia programu ambayo simuni haipo, au ukishindwa kujibu unapoteza mteja. Mhasibu mwisho wa mwezi, abebe. Mtu wa kuhariri video za harusi, abebe na amwombe Mungu. Ukiwa hapo katikati, kibodi ndogo ya blutuuthi ya kukunja ina gramu 200 hivi na ukiegemeza simu kwenye kikombe unaandika ripoti vizuri tu. Au tafuta kafe ya intaneti, bado zipo, hasa karibu na vyuo na ofisi za serikali, unaingia na imeli yako unatoka (na ukitoka bonyeza sign out jamani).

Ikienda, basi tableti haiendi. Hivyo viwili kwenye begi moja ni kama kuoa na kuchumbia siku moja.

Hatua ya 8: Vidogo vidogo, haraka haraka

Earphone: za waya, hata kama ni za tundu la Type-C, zisizohitaji chaji. Zile za kuchomeka sikioni zisizo na waya ni nzuri, ila moja ikidondoka chini ya siti ya basi ikaviringika mpaka kwa dereva basi tena. Lakini earphone zenyewe usiache, kwenye basi kuna muvi inapigwa sauti ya juu tangu Chalinze na akipanda mtu wa dawa za meno utanikumbuka.

Tochi: simu inayo, kitochi kinayo. Acha.

Flashi ya milango miwili, Type-C upande huu na USB ya kawaida upande huu: beba, haina uzito, unahamishia picha humo kila usiku ili simu ikiibiwa picha zisiibiwe. Hard diski: acha.

Spika: acha. Hakuna mtu aliyekuomba.

Kamera: kama sio kazi yako au sio mapenzi yako ya kweli, acha. Kama ni mapenzi ya kweli basi beba na itoe laptopu, na ikae juu ya begi sio chini.

Droni: acha kabisa, nchi zote hizi zinataka kibali na bila karatasi unaweza kuiacha mpakani.

Saa janja: ina chaja yake ya sumaku isiyofanana na ya mtu yeyote. Vaa saa ya kawaida.

Hatua ya 9: Simu ijazwe vitu kabla hujatoka

Vifaa vichache vinafanya kazi kama simu imeandaliwa. Ukiwa bado na waifai ya nyumbani pakua ramani za Google za nje ya mtandao, mji kwa mji, mimi nilipakua Bukoba, Kampala, Kigali. Piga picha pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tiketi, na uzihifadhi kwenye simu yenyewe, usiache juu huko mawinguni tu. Intaneti inaweza kuzimika yote, sio bando kuisha, namaanisha nchi nzima, Uganda ilizimwa wakati wa uchaguzi Januari 2021 na sisi wenyewe tuliionja Oktoba 2025.

Piga *#06# uone namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, iandike. Weka PIN kwenye laini yenyewe, sio kwenye skrini tu, maana mwizi anahamisha laini kwenye simu yake na kuanza kuomba namba za siri za pesa.

Halafu karatasi. Ndio, karatasi na peni. Namba tano za simu, anuani ya unapolala, jina la mwenyeji. Kampala safari ya kwanza simu zote mbili zilikata, kitochi nilikuwa nimesahau kukichaji, na jina la gesti lilikuwa ndani ya simu. Bodaboda ananiuliza ssebo (yaani bwana) tunaenda wapi, na mimi sijui.

Hatua ya 10: Pakia, halafu ishi humo usiku mmoja

Waya na chaja na kikadapta viingie kwenye kisanduku cha sabuni, kile cha plastiki cha wanafunzi wa bweni, vinakaa vizuri na havipindi shingo. Usifunge vitu na mifuko ya nailoni, Rwanda wamepiga marufuku tangu 2008, Kenya 2017 na kwetu 2019, na kwa Rwanda hawana utani. Kitambaa cha khanga kilichochakaa kinatosha kuzungushia simu na kitochi, na usiku unakifanyia foronya. Pasipoti na simu kubwa havikai begini, vinakaa mwilini.

Sasa jaribio. Siku mbili kabla ya kuondoka, ukirudi kazini jioni, funga begi na ujifanye umeshafika gesti. Kuanzia saa 12 jioni mpaka asubuhi usiguse chaja ya ukutani kwako, usiguse laptopu ya mezani, tumia vilivyo ndani ya begi tu. Chaji simu na pawabenki kwa pamoja kwa chaja ile moja. Tega alamu. Fanya ile kazi ya ofisi kwa simu. Kila unaponyoosha mkono kuchukua kitu ambacho hakimo, andika. Na asubuhi, kila kilichomo ambacho hukukigusa, kitoe nje ukiangalie vizuri usoni.

Mimi usiku wangu niligundua vitu viwili. Kwanza flashi yangu simu haiisomi, ilikuwa imekufa muda tu. Pili ule waya mrefu mzuri wa mita mbili, nilioununua kwa mbwembwe, una mdomo wa Type-C upande mmoja na USB ya zamani upande wa pili, na chaja yangu mpya ina matundu ya Type-C tupu. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Nikavaa ndala nikaenda kwa jamaa wa vifaa vya simu hapo kituoni, alikuwa anafunga kibanda, akanitafutia mwingine.